Baba Aliyeandikwa Kwenye Fomu

Felix Nyangwine alipochukua fomu ya kugombea ubunge, kwenye nafasi ya jina la baba aliandika jina la mtu aliyeingia kaburini miaka sita kabla yeye hajazaliwa. Wala hakuandika kwa ujanja. Kule Itiryo alikokulia, ungemuuliza mtu yeyote Felix ni mtoto wa nani, angekujibu bila kufikiri: wa Nyangwine. Ndivyo alivyoandikishwa shule, ndivyo alivyobatizwa, na kwa jina hilo hilo aligombea udiwani mara mbili akashinda mara mbili. Hakuna aliyeona kitu cha kuuliza hapo.

Aliyejua kila kitu alikuwa mama yake, Waisiko, na yeye alikuwa amenyamaza kwa miaka thelathini na zaidi.

Waisiko aliletwa katika mji ule akiwa msichana wa miaka kumi na tisa, na hakuolewa na mwanamume. Aliolewa na Mogesi, mjane wa Nyangwine. Mogesi alikuwa na ng'ombe, alikuwa na shamba la mihogo na migomba hadi mtoni, lakini Mungu alikuwa hajampa mtoto wa kiume wa kuachiwa hivyo vyote. Wakurya wana njia yao kwa jambo hilo, wanaiita nyumba ntobhu. Mama wa namna hiyo anatoa mahari, anaoa msichana, na watoto atakaowazaa msichana yule wanakuwa wa nyumba ya mama, wanabeba jina la marehemu. Mwanamume anayekuja kwa msichana hatajwi. Anakuja kama mgeni na anaondoka kama mgeni.

"Ndama ni wa mwenye jike, si wa mwenye dume," Mogesi alimwambia Waisiko siku ile ya kwanza, wakimenya mihogo. "Chagua unayemtaka. Mradi usiniletee mlevi."

Waisiko hakumletea mlevi. Alimletea Oduol, fundi cherehani, Mjaluo wa ng'ambo, ambaye kila wiki alivuka mpaka pale Sirari akazunguka minada ya Tarime na cherehani yake ameifunga nyuma ya baiskeli. Alikuwa mpole, mwenye vidole virefu, na alicheka kwa pua. Felix alipozaliwa, Oduol alisimama mlangoni kama watu wengine waliokuja kupongeza, akatoa kitambaa cha kumfunikia mtoto, akaambiwa asante fundi, akaondoka na baiskeli yake.

Baada ya hapo alibaki na nafasi moja tu ya kumshika mtoto wake. Kila Januari, kabla shule hazijafunguliwa, Mogesi alimwita aje kumpima Felix sare. Oduol alipima mabega, akaandika, akayapima tena. Akapima mkono, akaukunja, akaunyoosha.

"Oduol," Mogesi alimwambia mwaka mmoja, akicheka, "huyo mtoto si shamba. Utampima mpaka lini?"

"Anakua haraka, mama," Oduol alijibu, sindano ikiwa mdomoni. "Nisipopima vizuri mtanirudishia nguo."

Ilikuja zamu yake naye kuoa, kwao ng'ambo, akazaa mabinti wawili. Mke wake alipofariki hakuoa tena. Mtoto wa kiume alibaki yule mmoja ambaye hakuwa wake.

Waisiko hakuwahi kudai mengi katika maisha yake. Ng'ombe zilishatolewa, na nyumba ya Mogesi ilimtunza vizuri kuliko alivyotunzwa kwao. Lakini kulikuwa na jambo moja alilolitaka, nalo lilikaa ndani yake kama mwiba uliozama ukafunikwa na ngozi. Alitaka Felix aende siku moja kwa Oduol amwamkie kama mtoto anavyomwamkia baba. Mara moja tu, hata ndani ya chumba, mlango umefungwa. Hakutaka zaidi ya shikamoo baba, marahaba mwanangu.

Felix alipoajiriwa ualimu, akiwa na miaka ishirini na minne, alimwambia. Felix alitazama mikono yake.

"Nilikuwa najua, mama. Tangu darasa la sita. Hakuna fundi anayepima mtu mara nne."

"Utaenda?"

"Nitaenda."

Na pengine angekwenda, maana alikuwa mtoto mwenye huruma. Lakini mwaka ule ule wazee walimfuata wakamwambia agombee udiwani, na Felix akasema ngoja kwanza, watu wasije wakaanza kuchunguza nyumba yetu. Alishinda. Akawa diwani wa kweli, si wa kukaa kwenye kiti. Mvua ikikata barabara alikuwa wa kwanza kushika jembe. Ng'ombe za Itiryo zilipoibwa na nyayo zikaelekea Serengeti, alikwenda mwenyewe mpaka Busawe, akakaa na wazee wa kule siku tatu akila wanachokula, akarudi na ng'ombe zote isipokuwa ndama mmoja, na hakuna mtu aliyepigwa mshale. Siku hiyo ndipo watu walipoanza kumwita mheshimiwa kabla hajawa mheshimiwa.

Kila ngazi aliyopanda ilikuja na sababu yake ya kusubiri. Ngoja niapishwe, mama. Ngoja muhula huu uishe. Ngoja kura za maoni. Waisiko alizipokea ngoja hizo kama mtu anavyopokea mvua, akizipeleka Sirari siku za soko kwa Apiyo, binti mkubwa wa Oduol, aliyekuwa akiuza vitambaa karibu na geti la mpaka. Apiyo aliwajua wote, na hakuwa na kinyongo.

"Baba anasema hakuna shida," Apiyo alikuwa akijibu. "Anasema ati mtu wa siasa ni kama mkulima, ana msimu wake."

Basi ikaja ile fomu. Method, aliyekuwa akishindana na Felix, alikwenda na vijana wake mpaka kwenye kaburi la Nyangwine, lile ambalo Felix mwenyewe alilijengea kwa saruji alipopata posho yake ya kwanza ya udiwani, akaandika juu yake tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya kufa kwa maandishi makubwa mazuri. Wakalipiga picha. Wakaweka pingamizi: mgombea amesema uongo, mfu hazai. Na mitaani wakaongeza neno la pili, kwamba baba halisi ni mtu wa Kenya, na je, mtamchagua mtoto wa ng'ombe aliyevuka mpaka?

Felix alifika nyumbani mchana wa siku ya pili na karatasi aliyoandika wakili. Alimkuta Mogesi ameketi barazani juu ya ngozi yake ya ng'ombe. Macho yalishazima, lakini masikio yalikuwa yale yale. Mokami, mdogo wake Nyangwine, mzee wa miaka themanini, alikuwa ameshaitwa na ameshafika.

"Wakili anasema hivi," Felix alieleza. "Baba mdogo Mokami ataapa kwamba yeye ndiye aliyenizaa katika nyumba ya kaka yake. Ni ndugu wa damu, ni raia, kimila inakubalika. Na mama ataapa hivyo hivyo. Pingamizi linakufa."

"Mimi nakubali," Mokami alisema. "Kuzaa mbunge bila kutoka jasho, nani atakataa? Tatizo ni mke wangu. Itabidi nimweleze nilikuwa wapi mwaka ule."

"Utamwambia ulikuwa zizini," Mogesi alisema. "Ndiko ulikokuwa maisha yako yote."

Walicheka, hata Felix. Waisiko hakucheka. Alikuwa ameishika ile karatasi asiyoweza kuisoma, akiangalia mahali palipoachwa wazi kwa ajili ya dole lake. Kunyamaza alikuwa amezoea. Miaka yote alinyamaza, na kimya hakikumdhulumu Oduol, maana katika kimya kila mtu aliweza kubaki na ukweli wake. Lakini hii haikuwa kunyamaza. Hii ilikuwa kusema.

"Mwanangu," alisema, "nikiweka dole hapa, Oduol anakuwa nani?"

Felix alichuchumaa mbele yake. "Anabaki aliyekuwa, mama. Karatasi ni karatasi."

"Utakwenda kumwona?"

"Uchaguzi ukiisha."

"Sema ukinitazama."

Felix alimtazama. "Uchaguzi ukiisha, mama, nitakwenda. Nitaingia ndani kwake na nitamwamkia."

Waisiko alichovya dole kwenye wino, akaliweka. Jioni alilisugua kwa majivu na sabuni, lakini wino ule ulikaa kwenye mistari ya ngozi siku nne.

Felix alishinda kwa kura nyingi. Walikwenda Dodoma kumwona akiapa, Waisiko na Mokami. Mokami alikuwa amevaa koti la kuazima, akitambulishwa kila mahali kama baba mzazi wa mheshimiwa, na kila alipotambulishwa alisimama akapunga mkono kwa muda mrefu kuliko ilivyotakiwa. Waisiko alikaa pembeni yake kama mke. Mtoto wake alishika Biblia mkono mmoja, akasema maneno ya kiapo bila kukwama, na Waisiko alilia. Watu wa karibu walimpa leso wakidhani ni furaha, na kweli ilikuwemo na furaha.

Aliporudi alikwenda Sirari kwa Apiyo. Apiyo alimwambia kwamba baba yake alikwenda kwenye mgahawa wa Isebania, kule ng'ambo, akamwomba mwenye televisheni aweke habari za Tanzania, akatazama mpaka mwisho.

"Alisema nini?"

"Alisema koti la Felix linambana mabegani. Amesema aliyelishona hakupima, alikisia."

Uchaguzi ulikuwa umeisha. Lakini Method alikwenda mahakamani kupinga matokeo, na jambo aliloshika ni lile lile la baba. Kisha vikaja vikao vya bajeti, ikaja kamati, zikaja ziara. Miguu ya Oduol ikaanza kuvimba. Apiyo alikuja mwenyewe mpaka Itiryo, akakataa chai, akasema daktari ameshawaambia wakae naye nyumbani.

Waisiko alimpigia Felix simu. Ilichukua siku mbili kumpata.

"Mama, nisikilize," Felix alisema, kwa sauti ya chini. "Vijana wa Method wananifuata na simu kila ninakokwenda. Wakinipiga picha nikiingia kwenye ua wa Oduol, hiyo ndiyo kesi yote. Si mimi tu. Wewe umeapa. Baba mdogo ameapa. Unataka wote tusimame mahakamani? Kesi ikiisha nakwenda siku hiyo hiyo."

Waisiko aliona kwamba aliyoyasema yalikuwa kweli. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Angekuwa na mtoto mbaya angeweza kumlaani akapumua.

"Haya, baba," alisema. "Kazi njema."

Mwezi wa nane Felix alifanya mkutano wa hadhara Sirari, kwenye uwanja ulio karibu na maegesho ya malori. Yalifungwa maturubai, vikapangwa viti vya plastiki, na mstari wa mbele waliwekwa wazee wa familia. Mogesi aliomba apelekwe. Alisema hajawahi kumsikia kijana wake akihutubia. Waisiko aliketi kando yake akiwa na kitenge kipya, na bibi yule amemshika kifundo cha mkono kama kawaida yake.

Felix alizungumza vizuri. Aliwachekesha madereva wa bodaboda, akawapa pole mawakala wa forodha, akawasalimia akina mama kwa Kikurya na kwa Kijaluo. Kisha akaruhusu maswali. Kijana mmoja aliuliza barabara. Mama mmoja aliuliza maji. Halafu huko nyuma mtu alisimama polepole, na watu waliokuwa mbele yake wakageuka, kwa sababu alichukua muda mrefu kunyooka.

Apiyo alikuwa amemshika mkono. Mzee mwenyewe alikuwa amekonda, suti ya kijivu aliyojishonea mwenyewe zamani ikimning'inia, miguu imeingia kwenye viatu visivyofungwa kamba. Kijana wa kipaza sauti alimpelekea.

"Mimi naitwa Oduol," alisema. "Ni fundi cherehani. Nimeshona nguo huku miaka mingi."

"Swali, mzee," mtu alimwambia. "Uliza swali."

"Sina swali. Nilitaka kumwona mheshimiwa. Nikasema niende miguu ikiwa bado inabeba."

Kisha kutoka upande wa malori, walikosimama vijana wa Method, simu zikiwa juu, mmoja akapaza sauti ya mzaha: "Mheshimiwa, mtambulishe basi. Si anafanana na mtu tunayemjua?"

Vicheko vikaanza, vichache, vya kusubiri. Waisiko aliona macho ya Felix yakimtafuta, yakampata, yakamwacha. Ikawa kama pumzi mbili, si zaidi. Halafu lile tabasamu la jukwaani likarudi.

"Shikamoo, mzee wangu," Felix alisema kwenye kipaza sauti. "Unaishi kata gani?"

"Naishi ng'ambo."

"Basi mzee wangu umekosea mlango. Mbunge wako yuko upande ule. Huku mimi nasikiliza wapiga kura." Watu wakacheka kwa nguvu, na vijana wa Method wakashusha simu zao, maana hakukuwa tena na kitu cha kupiga picha. "Lakini jirani ni jirani," Felix akaongeza. "Apewe soda."

Wakacheka tena, wakapiga na makofi.

Oduol alikirudisha kipaza sauti kwa mikono miwili. Alitaka kukaa, lakini kiti kilishachukuliwa na mtu mwingine, akabaki amesimama katikati ya watu waliokaa, asijue aelekee wapi.

"Hiyo ni sauti ya Oduol," Mogesi alisema.

"Ndiyo, mama."

Waisiko alijua anachofikiria bibi yule, kwa sababu walikuwa wameishi pamoja zaidi ya miaka thelathini: mji, jina la mume wake, ng'ombe alizotoa. Kisha vile vidole vikavu viliachia kifundo chake.

"Nenda," Mogesi alisema. "Mimi nyumba yangu imeshajaa."

Waisiko aliinuka. Alipita katikati ya viti, kitenge kipya kikimkwaruza miguuni, na kila mtu akimpisha. Kijana wa kipaza sauti alikuwa hatua mbili tu kutoka kwake. Angeweza kukichukua. Neno lilikuwa moja, na lilikuwa limekomaa mdomoni mwake kwa miaka yote hiyo. Lakini aligeuka akamwona Felix pale juu, ameshika meza kwa mikono yote miwili, na akajua kwamba neno lile likitoka, kesi imekwisha na mtoto wake amekwisha, na mzee Mokami anaweza kufia gerezani. Akampita yule kijana. Akamshika Oduol mkono wa pili, akamtoa taratibu kuelekea barabarani, Apiyo akiwa upande mwingine.

Watu walipiga makofi. Eunice, katibu wa mbunge, alikimbia mbele akawapiga picha, na kabla mkutano haujaisha ilikuwa imeshasambaa kwenye simu za watu: mama wa mheshimiwa akimsaidia mzee kutoka nchi jirani. Nyuma yao spika zilikuwa zikisema, kwa sauti iliyokwama mara moja tu: "Mnamwona mama yangu? Huyo ndiye aliyenilea. Kwake hakuna mgeni."

Walipofika kwenye ukingo wa barabara, Apiyo alikwenda kutafuta bajaji. Oduol aliegemea nguzo, akatweta.

"Anajibu haraka," alisema. "Mbunge lazima ajibu haraka. Wangemmaliza pale."

"Usiseme kitu, Oduol."

"Hapana, nasema kweli. Alifanya vizuri." Alipumua kidogo. "Halafu ameniamkia. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Alisema shikamoo." Uso wa Oduol ulikunjamana, kama mtu aliyekumbuka ameacha moto jikoni. "Na mimi sikumwitikia. Waisiko, mtoto ameniamkia mbele ya watu wote wale, nami nikamjibu mambo ya ng'ambo. Sikusema marahaba."

Aligeuza kichwa kutazama uwanjani, akaanza kuinua mguu kana kwamba angeweza kurudi. Waisiko alimshika kifua.

"Itikia hapa hapa," alimwambia. "Itikia, mimi nasikia."

Oduol alinyooka. Lori la mizigo lilipita, akasubiri lipite lote, na vumbi lake. Kisha akasema, taratibu, akielekea kule kwenye maturubai ambako hakuna aliyekuwa akimsikiliza: "Marahaba, nyathina. Marahaba, mwanangu."

Bajaji ilikuja. Apiyo alimwingiza baba yake, akakunja miguu ile kwa mikono, na wakaondoka kuelekea getini. Waisiko alisimama pale mpaka hakuona tena kitu. Ilipita wiki moja na siku mbili, Oduol akafariki. Alizikwa kwao, na Waisiko hakwenda, kwa sababu mwanamke aliyeapa kwamba alizaa na Mokami hakuwa na la kufanya katika msiba ule.

Lakini siku ile ya mkutano bado hakujua hayo. Alirudi uwanjani watu wakitawanyika. Felix alikuwa amesimama kando ya gari lake, jasho limelowesha kola. Alimwona mama yake akamfuata.

"Mama," alisema. "Uliona wale vijana. Ningefanya nini? Nitakwenda kwake. Kesi ikiisha tu."

"Usiende tena," Waisiko alisema. Hakusema kwa hasira. "Nilikuomba umwamkie. Umemwamkia."

Felix aligeuka, akashika mlango wa gari.

"Na yeye ameitikia," Waisiko akasema.

"Ameitikia?" Felix alisogea karibu. "Alisemaje?"

Waisiko alimwambia, maneno yale yale, na namna alivyosubiri lori lipite kwanza. Felix alisikiliza akiwa ameshika mlango wa gari, kichwa kimeinama. Eunice alimwita mara ya kwanza, akamwita mara ya pili, akamwambia watu wa kata nyingine wanasubiri tangu saa sita. Felix akajifuta uso kwa kiganja, akaingia garini.